Kwetu Wete, Msimu wa Karafuu

Kwa sisi ambao riziki imetutupa Maskati na vitongoji vyake, mwezi wa Agosti ndio mwezi wa kwenda kwetu, na jambo hilo halikupangwa na mtu bali limejipanga lenyewe: kule Omani joto huwa limepindukia digrii 40, skuli zimefungwa, na mwenye kuomba ruhusa ya kazi hukubaliwa pasi na kuhojiwa sana, na huku Pemba kipupwe kimekwisha shika, kusi linavuma, alfajiri mtu hutafuta shuka ya kujitanda, na matumba ya karafuu yameanza kupiga wekundu mitini. Kwa hivyo kila arejeaye nyumbani wakati huo hana budi kuwakuta jamaa zake wakiwa pamoja na karafuu zao, na aghalabu wakiwa wameshughulika nazo kuliko wanavyoshughulika naye. Nimewasikia wenzangu wakilalamika juu ya hili, wakisema kwamba hawakupokewa kwa taadhima iliyowastahiki watu waliotoka mbali; mimi rai yangu ni nyingine, na ndiyo iliyonitia hamu ya kuandika.

Ndege humshusha msafiri Unguja, na Mpemba aliyefika hapo huwa yuko karibu na kwao lakini hajafika, kwani bado kuna bahari. Ziko ndege ndogo ziendazo Chake Chake kwa muda mfupi, walakini mizigo ya mtu atokaye Arabuni haimo katika hesabu ya ndege hizo: tende, halua iliyofungwa katika vikopo, misuli ya wazee, udi, na mapazia niliyoagizwa na shemeji yangu kwa vipimo vya madirisha ambayo wakati wa kuagizwa yalikuwa hayajajengwa. Nilipanda boti bandarini Malindi. Tulipofika mkondo wa Nungwi, pale ambapo ncha ya Unguja humalizika na bahari ya wazi ikaanza kuipiga boti ubavuni, mazungumzo yalikatika, wenye tasbihi wakazishika, na bibi mmoja aliyekuwa amejinyoosha juu ya mkeka karibu na miguu yangu akaamka bila ya kuamshwa, akasoma aliyoyasoma, akapangusa uso, akalala tena. Tangu meli ya Spice Islander ilipozama katika bahari hiyo mwezi wa Septemba 2011, ikiwa imeelekea Pemba na roho nyingi ndani yake, nahodha hana haja ya kutangaza kwamba tumefika Nungwi.

Kutoka Mkoani, boti ilikotushusha, hadi Wete ni kupita sehemu kubwa ya kisiwa kwa urefu wake, na urefu wenyewe hauzidi kilomita 70. Lakini njia hupanda na kushuka, ikapinda na kupindua, hata safari ambayo kwenye tambarare ingekuwa ya kufumba na kufumbua hapa hutaka subira. Wanajiografia wa Kiarabu waliokipa kisiwa hiki sifa ya ukijani hawakutia chumvi: vilimani mikarafuu na minazi, mabondeni mpunga, na baina yao migomba, mishelisheli na mihogo ya watu, wala hapana kipande kilichoachwa kitupu isipokuwa sakafu za kuanikia, nazo siku zile zilikuwa zimefunikwa kwa karafuu, nyingine za kijani zilizoanikwa asubuhi ile, nyingine zimekwisha kuwa za rangi ya udongo. Utingo wa gari yetu, kijana ambaye sikuwahi kumwona, aliniangalia kwa muda, akaniuliza kama mimi si mtoto wa fulani wa Utaani, akamtaja na babu yangu, na bila ya kungoja jibu akaukataa ujira wangu. Niliposisitiza, aliupokea kwa shingo upande, na mzee aliyeketi nyuma akaniuliza huko nilikotoka watu hufanyaje.

Mama hakuniuliza habari za kazi wala za safari. Baada ya kuniangalia kama nimekonda, na baada ya kunilisha kwa kuhakikisha kwamba sitakonda zaidi, alianza kunipangia nyumba za kwenda, nami nikajua kwamba ruhusa niliyopewa na mwajiri wangu imekwisha chukuliwa na mwenyewe. Mpango huo haukuandikwa popote, na hata ungeandikwa usingeaminiwa. Umo kichwani mwa mama, nao una kanuni zake ambazo si za masafa wala za urahisi. Makaburi hutangulia, kwani walio huko hawawezi kuja. Kisha nyumba zilizofiwa tangu nilipoondoka, hata kama marehemu alikuwa ni jirani wa mbali, kwa sababu furaha ya kuonana haifai kufika katika mji kabla ya mkono wa tanzia. Kisha shangazi mkubwa. Niliwahi kumuuliza mama kwa nini shangazi awe mbele ya mama mkubwa, hali mama mkubwa nyumba yake inatazamana na yetu na kila nitokapo ananiona. Akanijibu kwamba dada yake hata akinuna atamnunia yeye, naye atajua la kumwambia, lakini shangazi akinuna hununa ukoo mzima, na wa kuutuliza hayuko tena duniani. Alikuwa akimkusudia baba.

Baada ya hao hufuata maalimu aliyenisomesha chuoni, ambaye sasa macho yake hayaoni msahafu lakini masikio yake bado humkosoa mwanafunzi aliyeko chumba cha pili; kisha wakwe, ambao kwao huendwa kwa nguo iliyopigwa pasi na kurudiwa mapema; kisha mkazamjomba aliyeachwa mjane; na marafiki, ambao ndio ningependa kuwaona kwanza, huja mwisho kabisa, aghalabu njiani, mmoja akipanda Bomani na mwingine akishuka bandarini, tukaahidiana kukutana barazani jioni. Kuna watu Wete ambao nimeahidiana nao kukutana barazani tangu ujana wetu.

Sasa niseme juu ya ziara zenyewe. Nyumba nyingi za Wete siku hizi zina sebule yenye makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, na mgeni atokaye ng'ambo, hata akiwa alizaliwa katika chumba cha tatu cha nyumba hiyo hiyo, hukalishwa hapo chini ya feni, mtoto akatumwa dukani kununua soda, na sinia ikaja na mkate wa kumimina, kaimati na sambusa, nazo ni lazima ziliwe, kwani mwenye kusema ameshiba huulizwa ameshiba kwa nani. Hapo ndipo yanapoanza maamkizi, na maamkizi yetu Wapemba hayana haraka. Hamjambo? Hatujambo. Nyote? Sote, alhamdulillahi. Na wa huko? Wazima, wanawasalimu. Kazi? Twashukuru. Mgonjwa aliyelala chumba cha pili huwa anapumzika. Kijana aliyeacha skuli huwa anajitafutia. Mume ambaye hajaonekana tangu mfunguo mosi huwa yuko Bara na mambo yake mazuri. Sisemi kwamba huo ni uongo. Ni stara, na watu wenye stara ni wengi kwetu, na mimi mwenyewe nilipoulizwa habari za Maskati nilizisema kwa stara hiyo hiyo: sikusema kodi ya nyumba ni kiasi gani, wala sikusema kwamba ofisini mwetu watu wanapunguzwa. Lakini mtu huweza kuzunguka Utaani, Jadida, Limbani na Kipangani, akabusiwa mkono na watoto wasiohesabika, akala katika kila nyumba, na siku ya kuondoka akawa hajui lolote lililowapata jamaa zake ila kwamba wote ni wazima.

Kuhani peke yake ndiko kulikotoka nje ya kawaida hii. Katika nyumba moja, mjane aliyekuwa katika eda alizungumza nami kutoka nyuma ya pazia, sauti yake ikiwa kavu na ya kawaida, akanieleza maradhi ya marehemu kutoka siku ya kwanza hata ya mwisho, dawa kwa dawa, daktari kwa daktari, na deni lililobaki. Na nilipotoka nilitambua kwamba katika nyumba zote nilizoingia wiki ile hapana aliyenieleza jambo kwa ukamilifu namna ile. Nikalifikiri sana lile pazia. Lakini jawabu sikulipata pale, nililipata Mtambwe.

Mtambwe iko ng'ambo ya hori, ukisimama bandarini Wete unaiona, na ijapokuwa gari siku hizi zinafika kwa kuzunguka, watu wa huko wakiwa na haraka bado huvuka kwa mashua. Ndiko aliko mjomba wangu mkubwa, na ndiko yaliko mashamba ya babu yetu mzaa mama. Mbele yake kuna kisiwa kidogo cha Mtambwe Mkuu, ambacho zamani kilikuwa mji wa watu wenye mali, na ambako mwaka 1984 wataalamu wa mambo ya kale walifukua hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, chache za dhahabu na nyingi za fedha, hizo za fedha zikiwa na majina ya watawala wenyeji waliokwisha sahauliwa karibu miaka elfu. Nilimtajia mjomba habari hiyo tulipokuwa tukipanda kutoka pwani, nikidhani nitamfurahisha; akaniambia kwamba anaijua, na kwamba lililomshughulisha yeye siku zote si nani aliyezizika fedha zile bali warithi wake walikuwa wangapi, maana yamkini ndio waliomfanya azizike. Wakati ule nilicheka. Sikuwa nimejua bado kwamba ameanza kuniingiza katika maneno.

Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu, mjomba hakungoja. Baada ya sala ya isha, uwanjani, chini ya taa iliyovutwa kwa waya kutoka barazani, kulikuwa na majamvi na juu yake lundo la mashada mabichi yaliyoshushwa mchana ule, na jamaa wote, wake kwa waume, wakubwa kwa watoto, wamelizunguka na kuketi chini. Nikatafutiwa nafasi baina ya mkoi wangu na mama mkubwa, ambaye naye alikuwa amevuka kuja kusaidia, nikawekewa mashada mbele yangu, wala hapana aliyeniletea soda. Shada hushikwa kwa mkono mmoja, likasokotwa juu ya kiganja cha mkono wa pili, karafuu zikadondoka upande huu na makonyo yakatupwa upande ule. Ni kazi nyepesi kuieleza. Vidole vyangu vilivyozoea kalamu vilikuwa vimekwisha geuka rangi na kunata kabla ya lundo kuonyesha kama limepungua, na watoto wawili waliokuwa mbele yangu waliyatazama makonyo yangu, wakayaokota, wakazikwanyua karafuu nilizoziacha, kwa heshima na bila ya kusema neno.

Na hapo, macho ya kila mtu yakiwa mikononi mwake, ndipo habari zilipotoka. Mkoi wangu, ambaye sebuleni kwao aliniambia kwamba mumewe yuko Bara na mambo yake mazuri, aliniambia bila ya kuinua uso kwamba hajaleta hata shilingi tangu Ramadhani na kwamba amekwisha kwenda kwa kadhi. Mama mkubwa alisema kwamba jicho lake la kushoto limeziba kabisa, kwamba ameambiwa akafanyiwe operesheni Chake Chake na hataki, na sababu ya kutotaka ni kwamba atakayempeleka ni mkwewe, na fadhila za mkwewe anazijua. Mtu mmoja akasema, wengine wakanyamaza wakichambua. Na ukimya wao haukuwa wa kutahayari, kwani mikono ilikuwa ikisema, na aliyekosa la kujibu aliongeza shada. Nimeyatafakari haya baadaye, na naona kwamba kumkalisha mtu kitini na kumtazama usoni, jambo ambalo twalihesabu kuwa ndio ukomo wa ikiramu, humfunga mdomo yeye na mwenyeji wake pia. Mjane nyuma ya pazia na mkoi wangu nyuma ya lundo la karafuu walikuwa na uhuru mmoja. Wale wenzangu wa Maskati wanaosikitika kwamba msimu wa karafuu huwanyima heshima zao wanasikitikia kitu ambacho, kwa hesabu yangu, kina thamani ndogo kuliko walichopewa badala yake.

Karafuu yenyewe, tangu mtini hata fedha, ni safari ndefu. Mchumaji hupanda asubuhi na kamba na kigoe, na mti mkubwa huzidi paa la nyumba kwa mbali, na matawi yake hukatika bila ya kutoa onyo. Kila kijiji kina mtu wake aliyeanguka. Hulipwa kwa pishi alizochuma. Zikichambuliwa huanikwa siku nne, tano au zaidi kwa kadiri ya jua, zikapungua uzito hata kubaki kama theluthi, na muda wote huo mwenyewe halali usingizi wa mchana, kwa kuwa wingu moja likimkuta mbali humharibia kazi yote. Zilizokauka hupelekwa kituoni kuuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa, ambalo ndilo mnunuzi pekee wa halali. Na makonyo nayo huuzwa, yakapelekwa kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Miti ya babu ilipandwa na babu yake yeye, baada ya ile tufani ya mwezi wa Aprili 1872 iliyoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, hata biashara yote ikahamia huku na kila mwenye kilima akapanda. Hivi ndivyo tulivyosimuliwa, na umbo la miti yenyewe halisemi kinyume.

Na ni miti hiyo iliyokuwa imemkaa mjomba moyoni tangu pale pwani. Lundo lilipokaribia kwisha, na watoto wamekwisha lala pale pale jamvini, alinieleza kwamba ndugu yao mdogo aliyeko Dar es Salaam ametaka fungu lake lile la kando ya barabara litengwe, miti ikatwe, pauzwe viwanja. Kwamba ana haki yake kisharia na hapana awezaye kumzuia. Kwamba mama yangu analijua jambo hili tangu mwezi wa Rajabu na hakuniambia katika simu hata moja. Na kwamba njia iliyobaki ni ndugu wengine kulinunua fungu lenyewe kwa mafungu ya msimu hadi msimu, lakini sehemu ya kwanza inatakiwa sasa, na karafuu za mwaka huu peke yake hazitatosha. Kisha akanyamaza, akachukua shada jingine. Hakuniambia nitoe kitu. Sebuleni ningeambiwa kwa mafumbo, nikajibu kwa mafumbo, tukaachana kila mmoja akimdhania mwenzake vibaya. Pale jamvini nilimuuliza ni kiasi gani, akanitajia, nikasema nitakachoweza na nisichoweza, pamoja na habari ya watu kupunguzwa ofisini, ambayo hata mama nilikuwa sijamwambia. Mama mkubwa, kwa jicho lake moja, alikuwa wa kwanza kusema kwamba basi nisitoe zaidi ya nusu.

Ijumaa baada ya sala walikutana wakubwa nyumbani kwetu Wete, mjomba mdogo akisikilizwa kwa simu iliyowekwa juu ya kibao katikati ya baraza, na mambo hayakuwa mepesi, kwani mtu akiwa ndani ya simu ni hodari wa kukatika kila anapoulizwa swali gumu. Lakini alikubali. Bei iliwekwa, misimu ikahesabiwa, ikaandikwa karatasi na mashahidi wakatia mikono, na shangazi, ambaye shamba hilo si la ukoo wake na hakualikwa, alikuja kusikiliza na akala pilau. Mama alinilaumu kwa sababu moja tu, kwamba mambo yangu ya kazi aliyasikia kwa dada yake.

Siku za mwisho nilizimaliza Mtambwe, na nyumba kadhaa za mpango wa mama zilibaki bila ya kuingiwa. Nilizipigia simu, na katika mbili nilijibiwa kwamba salamu za simu hupokewa na simu. Mjomba alinisindikiza hadi kwenye mashua akiwa na pakacha la shokishoki, akaniuliza nitakuja tena lini. Nikamwambia Agosti, inshaallah.

"Agosti jua lipo," akasema. "Jua likiwapo hata mtoto hunianikia. Njoo vuli. Mvua ikishuka adhuhuri na majamvi yako uwanjani, hapo ndipo ninapotaka mtu mwenye miguu."

Nikamwambia kwamba ruhusa ya wakati huo haipatikani ila kwa udhuru mkubwa. Akaniambia niwaambie mjomba wangu mgonjwa; kisha akanitazama, akakumbuka kwamba maalimu yule yule alitusomesha sote wawili, akasema basi vuli itakapofika atajitahidi kuumwa.